Mume wangu si mnene, mbona usiku anakata pumzi?

Shikamoo Mama,

Huwa nasoma majibu yako nikiwa kwenye matatu, nikicheka shida za wenzangu. Leo zamu ni yangu.

Naishi Kahawa West na mume wangu na watoto wetu wawili. Baba Tony ana miaka 41 na ni dereva wa basi la shule. Saa kumi alfajiri keshaamka, na kabla ya saa kumi na moja na nusu yuko Githurai akiokota watoto wa watu geti baada ya geti, wengine bado wamelala mabegani mwa mama zao. Ni mtu mpole. Bia zake ni mbili za Jumamosi, mpira ukiwepo.

Anakoroma. Utaniambia wanaume wote hukoroma, na kweli hata marehemu baba alikoroma tukamsikia kutoka jikoni. Lakini mkoromo wa huyu una mtindo wake. Unapanda, unapanda, halafu kimya. Mwanzoni nilikipenda kile kimya, nikijua sasa nami nitapata usingizi. Usiku mmoja mtoto alikuwa na homa, nikawasha taa, nikamwona. Kifua kinahangaika, tumbo linaingia na kutoka, mdomo wazi, lakini hewa haipiti. Nikaanza kuhesabu. Nilifika ishirini na tatu. Kisha akashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyeibuliwa majini, akajigeuza, akaendelea. Asubuhi hakumbuki lolote. Analalamika tu kwamba kichwa kinamgonga na koo limekauka.

Kaka yake mkubwa, shemeji yangu wa Kayole, aligunduliwa na ugonjwa huu mwaka jana. Yeye ana kilo 118. Alilazwa usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, akapewa mashine ya kuvaa puani, na sasa mkewe anasema analala hadi anamwamsha kuhakikisha yuko hai. Familia nzima ikakubaliana kuwa ni unene. Kwa hivyo niliposema Krismasi, tukiwa mezani, kwamba huenda Baba Tony naye anao, walicheka. "Huyu fito?" Ana kilo 73 na urefu wa mita 1.72. Nilimkokota hadi kliniki moja ya mtaani. Aliyempokea alimtazama juu hadi chini, hata mdomo hakumwambia afungue, akasema ule ni ugonjwa wa wanene, apunguze mawazo. Akarudi nyumbani na pakiti ya vitamini na ushindi.

Kuna jambo jingine ninaloona aibu kuliandika. Mume wangu hufuga ndevu tangu kabla sijamjua. Kidevu chake nimekiona mara moja tu, siku ya kumzika baba yake, alipozinyoa. Hakuna kidevu cha maana, Mama. Midomo, halafu shingo. Upande wa mama mkwe wote wako hivyo, na shuleni walikuwa wakimtania hadi akalia. Shemeji alichukua taya la baba yao, pana, la kuvunja muwa. Nimesoma mahali kwamba umbo la mifupa ya uso linaweza kumfanya mtu akate pumzi. Ni kweli, au ni maneno ya watu wa simu? Nauliza kwa sababu Tony wetu ana miaka saba, ana kidevu kile kile, na analala mdomo wazi akikoroma.

Nyumbani mambo yameharibika. Nina miezi mitatu nikilala chumba cha watoto. Mama mkwe alikuja kutoka Murang'a, akanikuta huko, na sasa simu zinapigwa huko nyumbani kwamba ndoa imeingia baridi. Mume wangu naye ameumia, ingawa hasemi. Kibaya zaidi, mwezi uliopita alisinzia kwenye taa za barabarani. Basi lilikuwa tupu, alikuwa anarudi, honi za watu zikamwamsha. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Ananiomba nisimwambie mtu kwa sababu ataachishwa kazi, na tuna mkopo wa sacco.

Nisaidie. Mtu mwembamba anaweza kuwa na ugonjwa huu? Ni kidevu, au ni zile kilo tisa alizoongeza tangu tuoane? Alikuwa na 64. Apunguze chakula? Na nimwambie mwajiri wake au ninyamaze?

Asiyelala, Kahawa West

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na ile ishirini na tatu yako, maana ndiyo dalili bora kuliko zote ulizoniandikia, na hukuwa unajua. Hospitalini, pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tayari inahesabiwa. Na hukuishia kwenye kimya. Uliangalia kifua ukaona kinahangaika ilhali hewa haipiti. Maana yake ubongo wake unaagiza pumzi na misuli inatii, ila njia imefungwa. Ningekuwa bado kwenye wodi ya masikio, pua na koo, na wewe ni mwanafunzi wangu, ningekuambia uandike hayo kwenye faili vile vile ulivyoyasema.

Ndiyo, mtu mwembamba huupata ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini, ule ambao madaktari huuita sleep apnea. Aliyemwambia mumeo kwamba ni ugonjwa wa wanene alishika nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu wa umbo lake.

Unakumbuka sanduku la bati la kidato cha kwanza? Lile lenye kufuli, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Kuna msichana aliyekuja na sanduku kubwa akalijaza hadi tukalikalia watatu ndipo likafunga. Na kuna aliyekuja na kisanduku kidogo, nguo zake ni zile zile za kwenye orodha ya shule, wala hakuzidisha, na bado likakataa kufunga. Koo liko hivyo. Sanduku ni mifupa: taya la chini, taya la juu, kaakaa, na uti wa shingo kwa nyuma. Nguo ni nyama laini: ulimi, kimio, mafindofindo, mafuta ya pembeni mwa koo. Kinachobaki katikati, ule upenyo mdogo, ndiyo njia ya hewa. Shemeji yako ana sanduku kubwa lililojazwa kupita kiasi. Mumeo ana kisanduku. Wote wawili kifuniko kimekataa.

Mfano huu wa sanduku sikuubuni peke yangu. Huko Japani, Shiroh Isono na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba waliwalaza watu kwa dawa ya usingizi, wakailegeza misuli kabisa, kisha wakachungulia koo kwa kamera nyembamba kuona linafunga lini. Waliona kwamba hata misuli ikiwa haifanyi kazi yoyote, makoo ya wagonjwa hawa hufunga kwa urahisi kuliko ya watu wazima wa afya. Kwa hiyo tatizo liko kwenye jengo lenyewe. Ndipo wakaanza kulieleza kama mizani kati ya ukubwa wa boma la mifupa na wingi wa nyama iliyomo ndani yake.

Kwa nini kidevu hasa? Ulimi umefungwa mbele, nyuma ya kidevu, kwa upande wa ndani wa mfupa. Kidevu kikiwa mbele, ulimi una nafasi ya kukaa. Kikiwa kimerudi nyuma, ulimi unaanzia safari yake karibu na koo, na haujapungua hata kidogo. Mchana hakuna shida. Misuli iko macho na inaushikilia. Usiku misuli inalegea, mtu amelala chali, na ulimi unashuka. Bomba la koo lenyewe halina mfupa wa kulizuia lisibonyee, maana ni lile lile tunalomezea na kuzungumzia. Lazima liwe laini.

Tulikuwa tukifanya jambo moja kwa kila mgonjwa anayetoka chumba cha upasuaji bado amelewa dawa. Akianza kukoroma na kukwama, unaweka vidole nyuma ya pembe za taya, chini ya masikio, unalisukuma mbele. Sentimita moja tu. Papo hapo unasikia hewa inaingia, na uso unarudi rangi yake. Sijawahi kuona somo la mifupa lililo wazi kuliko hilo. Unaweza kulijaribu mwenyewe: lala chali kitandani, jifanye unakoroma. Sasa toa taya la chini mbele mpaka meno ya chini yatangulie ya juu, ujaribu kukoroma tena. Itakuwa vigumu. Watoto watakucheka, waache wacheke.

Mwaka 2010 watafiti waliwalinganisha wagonjwa Wachina wa Hong Kong na wagonjwa Wazungu wa Sydney, ambao ugonjwa wao ulikuwa wa kiwango kimoja. Wazungu walikuwa wanene zaidi. Wachina walikuwa wamebanwa zaidi na mifupa ya uso. Ugonjwa ule ule, njia mbili za kuufikia. Nakupa mfano huu usije ukadhani ni mambo ya Wachina. Nyinyi mna mfano huo huo ndani ya familia moja, tumbo moja, mmoja Kayole na mwingine Kahawa West.

Sasa hizo kilo tisa. Nisikilize vizuri hapa kwa sababu ndipo utakapokosana na mama mkwe. Kilo 73 kwa mita 1.72 ni uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 24.7, na mpaka wa uzito kupita kiasi ni 25. Kwa karatasi hana kosa. Lakini kutoka 64 hadi 73 ni ongezeko la asilimia 14. Huko Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia watu 690 kwa miaka 4, na mwaka 2000 wakachapisha kwamba aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10, idadi ya mikatiko yake ya pumzi kwa saa ilipanda kwa takriban asilimia 32. Aliyepungua kwa asilimia 10, ikashuka kwa takriban asilimia 26. Hizo ni hesabu za wastani wa watu wengi, usimpimie nazo mume mmoja. Ila zitakusaidia kuelewa kwamba kwenye kisanduku, shati moja la ziada linatosha.

Na mafuta hayajifichi tumboni tu. Ulimi nao hunenepa, mwanangu. Nilipousoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2020 nilikwenda kwenye kioo kujitazama. Waliwachukua watu 67 wanene, wakapungua kwa karibu asilimia 10 ya uzito wao, na mikatiko ya pumzi ikapungua kwa asilimia 31. Walipotafuta kwenye picha za koo ni badiliko gani lililoleta nafuu zaidi, wakakuta ni mafuta ya ulimi yaliyoyeyuka. Tumbo nalo lina lake: likiwa kubwa linasukuma mapafu juu mtu akilala, na mapafu yakipanda, lile bomba la hewa halivutwi tena kwa chini, linalegea kama soksi iliyokwisha mpira. Hilo ni la shemeji zaidi kuliko la mumeo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni vyote viwili, na uzito ndio upande unaoweza kuusogeza nyumbani. Asishinde njaa. Dereva aliyesinzia na ana njaa ni balaa juu ya balaa. Akirudi kwenye 67 au 68 taratibu itakuwa kazi kubwa kwa koo lake: chapati mbili za saa nne pale kibandani ziwe moja, soda ya mchana iondoke, na ile sahani ya ugali ya saa tatu usiku isogee mapema. Lakini usimwahidi kwamba kilo zitamponya. Kidevu hakipungui wala hakikui kwa kufunga mlo.

Mpeleke kwa nani? Asirudi kule kwenye vitamini. Kabla hamjatoka nyumbani, fanya kazi moja: mrekodi kwa simu. Dakika tatu zenye mkoromo, kimya, na ule mshtuko, kifua kikionekana. Mwambie kwanza kwamba utamrekodi. Mtu aliyetaniwa utotoni hapendi kupigwa picha za siri. Piga na picha ya uso wake kutoka ubavuni, ndevu zikiwa zimebanwa kwa mkono. Daktari wa masikio, pua na koo ataanzia hapo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara hiyo, na wapo wengine mjini. Mkifika, ataangalia mambo ambayo yule wa kliniki hakuyajali: je, meno ya juu yameyatangulia ya chini kwa mbali? Kaakaa ni jembamba na limepanda juu kama paa la kanisa? Akitoa ulimi, kimio kinaonekana au kimefunikwa? Pembeni mwa ulimi kuna alama za meno kama ukingo wa andazi lililobanwa? Watampima na shingo kwa futi ya fundi cherehani. Kwa wanaume, shingo ya sentimita 43 kwenda juu ni onyo. Ya mumeo itatoka 38, nawe usifarijike. Futi hiyo hupima nguo zilizojaa, haipimi sanduku.

Kipimo chenyewe ni kile alichofanyiwa shemeji, kulala usiku mmoja na nyaya, au kifaa kidogo cha kuvaa nyumbani kidoleni na puani. Kinatoa namba moja: pumzi zimekatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima. Kati ya 5 na 15 ni kiasi kidogo, hadi 30 ni kiasi cha kati, juu ya 30 ni ugonjwa mkali. Gharama hutofautiana sana, kwa hivyo piga simu sehemu mbili tatu, na uliza SHA, bima ya afya ya serikali, wanalipa nini kabla hujatoa pesa ya sacco.

Matibabu sitayamaliza yote. Mashine ya shemeji, ile ya CPAP, ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Inapuliza hewa kidogo inayolizuia koo lisibonyee, na inafanya kazi kwa mnene na mwembamba sawasawa. Shida yake huku kwetu ni stima kupotea saa nane usiku. Kwa mtu wa umbo la mumeo kuna kingine cha kuuliza: kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vyake, kinacholishika taya la chini na kulivuta mbele usiku kucha. Ni kile tulichokuwa tukifanya kwa vidole, ila chenyewe hakichoki. Hufaa zaidi ugonjwa ukiwa kidogo au wa kati. Wiki za mwanzo taya huuma, na baada ya miaka meno yanaweza kusogea, ndiyo maana anahitaji daktari wa kumfuatilia. Vile vya kuchemsha kwenye maji ya moto na kung'ata, vinavyouzwa kwenye simu, aviache. Kuna pia upasuaji wa kuyasogeza mataya yote mawili mbele. Huo ni mkubwa na haujafika mlangoni kwenu.

Shemeji akikuuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito, mwambie ndiyo, Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatidi kwa watu wazima wenye unene uliokithiri na ugonjwa huu wa kiwango cha kati au mkali. Ni habari yake yeye na daktari wake. Mumeo hana unene huo.

Wakati mnasubiri siku ya daktari, asilale chali. Shona mpira wa tenisi ndani ya soksi, ushikize soksi mgongoni mwa fulana yake ya kulalia; akigeuka chali, mpira utamkumbusha. Bia za Jumamosi zisimame, maana pombe huilegeza misuli ya koo. Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo asizinywe. Na siku yoyote atakapofanyiwa upasuaji, hata wa ngiri, amwambie daktari wa dawa ya usingizi kuhusu pumzi zake.

Nimelichelewesha la basi kwa makusudi, kwa sababu nilijua ungelisoma hilo kwanza na kuruka mengine.

Mtu mwenye ugonjwa huu asipotibiwa, hatari yake ya kupata ajali barabarani ni mara mbili hivi ya mwenzake, au zaidi. Mumeo ameshasinzia gari likiwa kwenye taa. Mara nyingine taa itakuwa ya kijani. Kwa hiyo sitakuambia unyamaze. Lakini pia sitaki umwendee mwajiri nyuma ya mgongo wake wakati yeye mwenyewe hajapewa nafasi. Mkalishe Jumapili baada ya kanisa, mwonyeshe ile video. Wengi hawaamini mpaka wajione, na wakijiona huogopa, kwa hivyo uwe karibu. Kisha mwambie achukue siku za likizo zilizobaki, aende kipimo, na yeye mwenyewe amfikie msimamizi wa mabasi na barua ya daktari mkononi. Dereva anayesema "nina tatizo la usingizi, natibiwa, nipe kazi ya gereji au ya utingo kwa wiki chache" na dereva aliyekutwa amelala kwenye usukani ni watu wawili tofauti mbele ya mwajiri. Akitibiwa vizuri anaweza kurudi kuendesha, na ataendesha vizuri kuliko alivyoendesha miaka mitano iliyopita. Akikataa yote, akaendelea kuwabeba watoto huku anasinzia, hapo mwambie wazi kwamba utakwenda mwenyewe. Katika hilo mimi niko upande wa watoto wa Githurai, mkopo baadaye.

Kulala chumba cha watoto si kosa. Uliokoa usingizi wako. Kosa dogo ni kwamba hukumwambia sababu, akabaki akidhani unamkimbia yeye. Mwambie ulihesabu hadi ishirini na tatu ukaogopa. Mama mkwe mwonyeshe video pia, na umuulize kwa upole yeye mwenyewe analalaje. Kwa mama wa umri wake, mwenye kidevu hicho, baada ya hedhi kukoma, nisingeshangaa. Mkipata jibu la hilo, zile simu za nyumbani zitapata mada mpya.

Kuhusu Tony. Kwa mtoto wa miaka saba mshukiwa wa kwanza ni mafindofindo makubwa na zile nyama za nyuma ya pua, kidevu ni wa pili. Mtoto anayepumulia mdomo miaka na miaka, uso wake huweza kukua mrefu na mwembamba, kaakaa likapanda, sanduku likazidi kuwa dogo. Kwa hivyo mpeleke siku ile ile kwa daktari yule yule, na umwambie kama anakojoa kitandani, anahangaika usingizini au mwalimu analalamika kwamba hatulii. Taya lake bado linakua, na huyo ndiye mwenye muda kuliko nyote.

Na ndevu zisikutie aibu, wala usimwambie azinyoe. Daktari anaweza kukishika kidevu kupitia ndevu. Zitakuja kuwa mjadala tu iwapo atapewa mashine yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo, kwa sababu nywele nyingi huvujisha hewa pembeni. Aombe ajaribu ile ndogo ya puani kama ya kaka yake kabla ya kugusa wembe.